Tundu la Tatu

Kibanda changu kiko Mkuza, Kibaha, ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, na juu ya mlango nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: FUNDI REDIO, SPIKA NA SIMU. Nimetumia rangi nyekundu ili isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Hata hivyo haipiti wiki bila mtu kuingia na spika yake begani, akanikuta nimeshika chuma cha kulehemu, mbele yangu redio imepasuliwa tumbo, kisha akaniuliza, "Samahani dada, fundi kaenda wapi?" Zamani nilikuwa nachukia sana. Siku hizi namjibu, "Katoka kidogo, kaa umsubiri," halafu naendelea na kazi mpaka mwenyewe aone haya. Kuna mzee mmoja wa Pangani, hii ya hapa Kibaha, alisubiri hivyo mpaka nikamaliza redio ya mtu mwingine, nikachukua yake, nikaitengeneza, nikamkabidhi ikiwa inaimba. Alishukuru sana, akaniomba nimsalimie fundi.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi ni mtu wa kujisifu kidogo, na hasira pia ninazo. Kazi hii nimeipenda tangu darasa la tatu, siku nilipoifungua redio ya baba ya betri akiwa shambani, nikaitandaza yote kwenye mkeka, kisha nikairudishia. Iliimba. Sikumwambia mtu, wala baba hakusema kitu, nami nikakua nikiamini hakuna aliyejua. Tangu hapo nimetengeneza vitu vingi, vya misikiti na makanisa, vya baa na vya shule. Lakini kazi ninayojivunia kuliko zote haikuletwa kibandani na mteja. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwa baba, Kisarawe.

Baba ni mkulima wa mihogo na korosho, na anapiga gitaa. Gitaa lake ni kavu, lile lisilotumia umeme, ambalo wazee wa muziki huliita galatoni. Alilipata ujanani kwa mwalimu aliyekuwa anahama, wakabadilishana na baiskeli, na bibi yangu hakumsemesha kwa muda mrefu kwa sababu ya baiskeli ile. Rangi imechubuka pale anapoegemeza mkono. Mkanda wake ni wa kitambaa cha kaki, na kwa chini umeshikizwa na skrubu moja ndefu, nyeusi, isiyofanana na kitu kingine chochote kwenye gitaa. Skrubu hiyo nimeiona tangu utotoni na sikuwahi kuuliza imetoka wapi, kama vile sikuwahi kuuliza mlango wetu ulichongwa na nani.

Baba hapigi kwa kukodishwa. Kazi ya gitaa lake ni harusi za mabinti wa nyumbani. Alianza kwa dada zake, akaja kwa mabinti wa kaka zake, na kila mmoja alimtungia wimbo wake: vituko vya utotoni, chakula alichokikataa, siku aliyoanguka kwenye mti wa jirani akiiba machungwa. Yale mambo ambayo bwana harusi hayajui na nyumba nzima inayajua. Ana masharti yake. Bibi harusi hasikii hata neno moja kabla ya siku yenyewe, na baada ya siku hiyo wimbo hauimbwi tena. Watu wamembembeleza sana. Anawajibu, "Ukiutaka tena, olewa tena."

Harusi yangu ilikuwa na spika kubwa mbili zilizoletwa na upande wa mume. Baba alipoitwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki na gitaa lake, mshereheshaji akamletea kipaza sauti kimoja. Akikiweka mdomoni kwa baba, gitaa halisikiki. Akikishusha kwenye gitaa, baba hasikiki. Huku nyuma mtu wa muziki alikuwa ameacha mdundo wake ukienda chinichini, sijui kwa kusahau au kwa dharau. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya watu, hina mikononi na miguuni, nikiangalia midomo ya baba inavyocheza na vidole vyake vinavyotembea kwenye nyuzi. Wakati huo nilikuwa tayari najifunza ufundi, na nilijua kabisa nini kifanyike. Lakini bibi harusi hasimami akaenda kushika nyaya. Watu walipiga makofi walipoona baba ameshusha gitaa, kwa sababu hapo ndipo walipojua kwamba amemaliza.

Sikusikia hata neno moja la wimbo wangu.  Baba alirudi nyumbani, akalitundika gitaa kwenye msumari wake, basi. Miaka iliyofuata nilimwomba mara mbili aniimbie, hata kidogo tu, hata bila gitaa. Mara zote mbili alisema, "Wako umeshaimbwa," na kunyanyuka kwenda kuangalia mbuzi.

Kisha mdogo wangu wa kike akapata mchumba. Siku ikapangwa, baada ya msimu wa korosho, na nikapanda kwenda Kisarawe kusaidia mipango. Wanaotaka lami huzunguka mjini na kupanda tena kupitia Pugu. Mimi nilikatiza kwa bodaboda njia ya vumbi na kufika nikiwa mwekundu mpaka nyusi. Baba alikuwa barazani anamenya mihogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na shamba zima usoni?"

Nilinawa, nikakaa, nikamuuliza wimbo wa mdogo wangu umefika wapi. Akaendelea kumenya.

"Mimi nitakaa na wageni tu," alisema. "Wana mziki wao wa kisasa. Ya nini kuwachelewesha watu?"

Alivyosema kwa upole ndivyo alivyoniumiza. Kama angenuna ningevumilia. Nikamwambia kuna kidude kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Wapigaji hukiita pikapu, ingawa hakina magurudumu. Kikiwekwa, gitaa lake litasikika mpaka msikitini, na kipaza sauti kitabaki mdomoni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Utatoboa?"

"Tundu moja dogo, baba, la kuchomekea waya."

Aliweka kisu chini. "Lile gitaa lina matundu mawili. La kwanza lilikuja nalo, la kutolea sauti. La pili nililitoboa mwenyewe, la skrubu ya mkanda, na siku hiyo mkono ulinitetemeka. La tatu hakuna."

"Na vigingi vya nyuzi kule juu?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Si vimeingia kwenye matundu vile?"

 Baba akanijibu mimi, ambaye sikuwa nimeuliza. "Wewe endelea kuchokonoa maredio yako huko Kibaha. Gitaa si redio."

Kuchokonoa. Hilo ndilo neno lake. Jirani akimuuliza binti yako mkubwa anafanya nini siku hizi, baba husema, "Yuko Kibaha, anachokonoa maredio." Kwa kinyozi husema fundi, kwa anayeziba pancha za baiskeli husema fundi, hata kwa yule aliyemjengea choo kikatitia. Binti yake anachokonoa. Nilirudi Mkuza na hasira zangu zote, na njiani nikaamua: nitaweka pikapu bila kutoboa hata tundu la sindano.

Siri iko kwenye kisahani cha shaba, chembamba, kipana kama kifungo cha koti. Kimo ndani ya wanasesere wanaoimba, ndani ya saa zinazolia pi-pi-pi, na mafundi wengi hukitupa. Ukikipa umeme kinalia. Lakini ukikitikisa, chenyewe kinatoa umeme, kidogo mno, na ukiupeleka kwenye amplifaya unakuwa sauti. Nilikitoa kimoja kwenye gari la kuchezea lililokufa, nikakilehemu kwa waya mwembamba. Kwaya ya jirani zangu, watu wa bara waliohamia huku, waliniazima gitaa lao la kujaribia. Mara ya kwanza kilinguruma kama mashine ya kusaga. Nikakifunga kwa karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaiunganisha karatasi na waya wa nje, na mngurumo ukakatika papo hapo. Nilipogusa uzi wa kwanza, muuza saruji wa dukani alitoka nje kuangalia nani anapiga. Nilicheka peke yangu humo ndani.

Wiki moja kabla ya harusi nilikipeleka Kisarawe. Baba alilishusha gitaa, akalishika mwenyewe magotini wakati wote, kama mtu aliyempeleka mtoto kuchomwa sindano. Kisahani kilitakiwa kukaa ndani, chini ya daraja la nyuzi, na njia pekee ilikuwa kupitia tundu la sauti. Nililegeza nyuzi na mkono wangu ukaingia mpaka karibu na kiwiko. Mkono wa fundi mwingine yeyote ninayemjua Kibaha usingepita, na hilo naliandika kwa furaha kabisa.

Ndani palinukia udi. Nilitegemea, kwa sababu mama ana kawaida yake. Siku ya harusi hutia makaa kwenye chetezo, akaweka udi na ubani, akafunika kwa tenga, na nguo za bibi harusi zikatandazwa juu zipate moshi. Nguo zikitoka, linaingia gitaa. Mama hulilaza kifudifudi juu ya tenga, tundu la sauti likitazama makaa, na kulifunika kwa kanga ili moshi usitoroke. Anasema kitu chochote kinachokwenda mbele ya bibi harusi lazima kinukie. Amefanya hivyo kwa kila harusi tangu aolewe na baba. Vidole vyangu viligusa mbao mle ndani, zikateleza kidogo, kama sufuria iliyooshwa bila sabuni. Nikafuta kwa kitambaa, nikabandika kisahani kwa utepe unaonata pande mbili, nikaupitisha waya kwenye tundu la sauti na kuifunga jeki, kile kidude cha kuchomekea waya wa spika, kwenye mkanda. Kuteleza kule nilikusikia na nikakupuuza. Lilikuwa kosa langu, nami hulisema mwenyewe kabla watu hawajanikumbusha.

Tulijaribu kwa spika ndogo niliyokuja nayo. Baba alipiga mara moja na kusimamisha mkono. Akapiga tena. Akakunja uso.

"Huu uzi wa tatu unalia vibaya."

"Umeshuka kidogo."

"Miaka yote hii unalia hivi, na hamkuniambia?"

Akaukaza mpaka akaridhika, kisha akapiga kipande kirefu, macho ameyafumba. Mdogo wangu akafukuzwa barazani ili asisikie kitu ambacho si chake bado. Hapo nilijua wimbo upo. Alikuwa ameutunga siku zote, na kule kusema atakaa na wageni kulikuwa kujikinga tu asije akaumia tena.

Siku ya harusi, karibu na adhuhuri, nilikuwa nyuma ya nyumba, nasaidia kuosha mchele, niliposikia mama anasema, "Yarabi." Hakupiga kelele. Alisema polepole, na ndiyo maana nikakimbia.

Gitaa lilikuwa juu ya tenga, kifudifudi, limefunikwa kanga, kama harusi zote. Mama alikuwa amelifukiza. Hakuna aliyemwambia asifukize, na mimi niliyejua kila kitu kuhusu kisahani kile sikulifikiria jambo ambalo nimeliona tangu utotoni. Joto la makaa limelainisha utepe, utepe wenyewe umeshikana na mafuta ya udi wa miaka mingi, basi kisahani kikaachia, kikavutwa na waya uliokuwa ukining'inia, kikapita kwenye tundu la sauti na kuangukia kwenye chetezo. Nilipofunua tenga, kilikuwa katikati ya makaa kinatoa moshi wa plastiki. Nguo za bibi harusi, alhamdulilahi, zilikuwa zimeshatoka.

Mama alikaa chini kwenye mchanga. "Nimemharibia baba yako," alisema.

"Hujaharibu, mama. Ni mimi."

"Amesugua nyuzi tangu alfajiri yule. Hata chai hajanywa."

Nilikuwa na chuma changu cha kulehemu, waya, jeki, kila kitu isipokuwa kisahani. Kutoka pale mpaka kibandani Mkuza na kurudi, kwa njia ile, wageni wangekuwa wameshakula na kuondoka. Nilisimama nikiwa na jeki mkononi, na hasira zote zikiwa za kwangu mimi mwenyewe. Nilijiona tena kwenye kile kiti cha bibi harusi, nikiangalia midomo isiyotoa sauti. Mdogo wangu naye angekaa hivyo hivyo, na safari hii hakukuwa na mtu wa muziki wa kulaumiwa.

Mama aliinuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na saa yake ndogo ya mezani. Nilimnunulia mimi saa hiyo, na ndiyo inayomwamsha kwa sala ya alfajiri. Yeye hulala nayo karibu na mto na haruhusu mtu aiguse.

"Hii si inalia pi-pi-pi?" aliuliza. "Uliniambia siku ile. Vile vinavyolia pi-pi-pi."

Ningeweza kumbeba mgongoni. Miaka yote nilidhani nikieleza kazi yangu pale nyumbani naongea na ukuta, kumbe mama alikuwa anasikiliza. Niliifungua saa kwa ncha ya kisu na kisahani kikatoka, kizima, kinang'aa. Nikalehemu pale pale juu ya kinu kilichogeuzwa, mashoga wa mama wakiwa wamenizunguka na vijiko vyao vya pilau mkononi.

Kilichobaki kilikuwa kukibandika. Safari hii nilichukua spiriti ninayosafishia bodi za simu, nikaingiza mkono, nikasugua mbao ya ndani mpaka kitambaa kikaacha kutoka cheusi. Lakini utepe sikuuamini tena. Nilikuwa na supa gluu. Na supa gluu haibanduki, kwa hiyo nililazimika kumfuata baba, aliyekuwa amekaa chumbani na kanzu yake mpya, na kumweleza kila kitu: chetezo, makaa, saa ya mama.

"Nikikibandika kwa gluu hii, baba, hakitatoka tena. Kitakaa humo maisha yote."

 Alitazama vidole vyangu, vyeusi kwa masizi ya udi.

"Hutatoboa?"

"Sitoboi."

"Bandika."

Sherehe ilikuwa alasiri, baada ya sala, chini ya maturubai uwanjani kwetu. Mtu wa muziki alikuwa ametoka mjini na miwani ya jua. Nilipomletea waya wangu aliushika kwa vidole viwili.

"Dada, hii kitu isije ikaniunguzia mashine. Nani kaifunga?"

"Mimi."

"Wewe kama nani?"

"Mimi kama fundi. Spika yako ya kushoto imepasuka koni, unaisikia inavyokwaruza? Ukimaliza leo niletee Mkuza. Sasa chomeka, na mdundo wako uuzime kabisa. Kabisa, kaka yangu, siyo chinichini."

Alichomeka. Spika zikapiga mbinja mara moja, watu wakaziba masikio, nami nikamwomba baba asogeze kiti nyuma kidogo ya mstari wa spika. Mbinja ikakoma. Baba akauweka mkono kwenye nyuzi na kuunyamazisha uwanja kwa mpigo mmoja tu.

Sijui kuieleza sauti ile bila kujisifu, basi acha nijisifu. Kila uzi ulisikika. Ulisikika hata mkwaruzo wa kidole chake kinapohama. Waliokuwa wanaosha masufuria nyuma ya nyumba walikuja na mikono yao ya sabuni. Naye akaimba, bila kupaza sauti, kama anavyoongea barazani. Aliimba siku ambayo mdogo wangu alipotea, kijiji kizima kikatoka kumtafuta mashambani, kumbe yumo ndani ya pipa tupu la maji anakula sukari guru ya Ramadhani. Aliimba jinsi alivyokataa kunyonyolewa kuku wake kwa sababu alikuwa ameshampa jina. Watu walicheka, wakanyamaza, wakacheka tena, vigelegele vikapanda. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka chini ya mtandio wake, mashavu yote mawili wanja. Alisikia kila neno.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya miksa, mashine ya kuchanganyia sauti, mkono kwenye ncha ya waya isije ikachomoka. Nilikuwa na furaha kiasi cha kutaka kumshika mtu. Na ndani ya furaha hiyo, sitadanganya, kulikuwa na wivu kidogo.

Baba hakunishukuru siku ile. Alipomaliza alipita karibu yangu, akanigusa kichwa, akaenda kula.

Wiki chache baadaye nilikuwa kibandani, mchana, nimefungua spika ya yule yule mtu wa muziki, maana aliileta kweli. Mlango ukatiwa kivuli. Baba alikuwa amesimama nje, vumbi mpaka kwenye kofia, gitaa mgongoni. Hajawahi kufika pale kabla ya siku hiyo. Alisoma maandishi juu ya mlango, polepole, herufi kwa herufi, ndipo akaingia.

Aliliweka gitaa juu ya meza yangu, katikati ya nyaya.

"Ule waya unaoning'inia mbele unanisumbua mkono," alisema. "Nimealikwa harusi mbili za ukoo, moja iko Mbwawa huku kwenu. Toboa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nitoboe?"

"La tatu. Nimeshasema."

Nikaona aibu kwamba mkono wangu ndio uliotetemeka. Nikamweleza kwamba kwa kawaida jeki huwekwa chini kabisa, pale pale penye skrubu ya mkanda. Skrubu inatolewa, tundu linapanuliwa kidogo, mkanda unafungwa kwenye jeki yenyewe. Kwa njia hiyo hata la tatu lisingekuwepo. Yangebaki mawili vilevile. Nilidhani atafurahi.

"Hiyo skrubu haitoki," alisema. "Toboa pembeni yake."

Sikubishana. Nilipima, nikaweka alama kwa penseli, baba akalikumbatia gitaa kwa mikono yote miwili, nikatoboa. Unga mwembamba wa mbao ulidondoka mezani, na kibanda kizima kikanukia udi. Niliingiza jeki, nikakaza nati, nikachomeka waya kwenye spika niliyokuwa nimeitengeneza muda huo huo.

"Haya baba, lijaribu."

Alivuta kiti. Alijaribu uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaanza kitu ambacho sikukijua.

"Huu ni upi?" niliuliza.

"Wako."

"Si ulisema umeshaimbwa?"

"Ulisikika?" alisema bila kuinua uso. "Kama haukusikika, basi bado sijauimba."

Akaimba. Aliimba mtoto wa darasa la tatu aliyepasua redio ya baba yake, na baba aliyerudi mapema kutoka shambani, akamwona, akaenda kukata fimbo. Akasimama dirishani na fimbo yake, akachungulia. Mtoto hakuinua kichwa. Alirudisha kidude kwa kidude, akafunga, akawasha, redio ikaimba. Skrubu moja ilibaki kwenye mkeka, mtoto asijue pa kuiweka, akaisukuma kwa kidole chini ya kitanda. Baba akaitupa fimbo. Usiku ule—

Hapa aliingia mtu, jasho likimtoka, amebeba redio kubwa kifuani. Alitutazama, akaona mwanamke mwenye machozi na mzee mwenye gitaa lililochomekwa waya, akachagua upesi.

"Shikamoo fundi," alimwambia baba.

Baba aliweka kiganja juu ya nyuzi. "Marahaba. Mimi ni mteja, fundi ni huyo. Kaa umsubiri, tuna ubeti mmoja umebaki."

Yule mtu akakaa, redio mapajani. Baba akaurudia ubeti tangu mwanzo kwa kuwa alikuwa amekatizwa: usiku ule baba aliingia chini ya kitanda, akaitafuta skrubu kwa kupapasa, akalitoboa gitaa lake mkono ukimtetemeka, akaikaza humo, ili kila anapovaa mkanda akumbuke kwamba nyumbani kwake kuna fundi.

Neno lenyewe. Alilitamka mbele ya watu wote siku ya harusi yangu, huku nimekaa hatua chache kutoka kwake, na spika zikalimeza.